Karata Zikichangwa, Nani Akata?

Kabla karata ya kwanza haijatua mkekani, kuna kazi tatu ambazo kila mtoto wa Pwani amezijua tangu hajajua kufunga kikoi. Ya kwanza ni kuchanga, yaani kuzichanganya karata hata isijulikane ipi iko wapi. Ya pili ni kukata. Ya tatu ni kugawa. Na iko kanuni moja ambayo atakayeivunja ataondoka barazani kwa aibu: mwenye kuchanga hakati. Achangaye huziweka karata chini, na jirani yake ndiye anyanyuaye fungu la juu na kuliweka kando. Leo nataka kuizungumza kanuni hiyo ndogo, kwani nimeona posa ya kijana ikitaka kuvunjika kwa sababu ya kusahauliwa kwake.

Dada yangu alinituma Kisumu. Mwanawe, ambaye ni mpwa wangu, anafanya kazi huko, na amepanga chumba cha uani katika jumba moja la zamani mtaa wa Milimani, penye miti mikubwa na ua mpana, ambako jioni mtu akitoka nje hupata upepo wa ziwa. Kijana alikwisha posa, na posa ikakubaliwa. Lakini siku ya kupeleka mahari iliahirishwa mara ya kwanza, ikaahirishwa mara ya pili, na wazee wa msichana wakaanza kuuliza maswali ambayo hayana majibu mazuri. Dada akaniambia, "Kaka, nenda ukamwone kwa macho yako. Kwenye simu kila siku ananiambia hajambo."

Nilimkuta amekonda. Usiku wa kwanza hakusema neno. Usiku wa pili, mvua ya Kisumu ilipokuwa ikipiga bati kana kwamba ina deni nalo, akainamisha kichwa na kusema, "Mjomba, nisamehe. Fedha za mahari hazipo. Nilizichezea poka kwenye simu."

Hapa yanipasa nimweleze msomaji jambo moja. Vijana wa Kenya wakisema poka, aghalabu wana maana ya ule mchezo wa kumaliza karata mkononi, wa kufuata namba au kufuata rangi, ambao mtu akikaribia kumaliza hutangaza, "Niko kadi!" Huo huchezwa vibarazani na mabwenini, na mara nyingi hauna fedha. Poka ya simu ni nyingine. Kila mchezaji hupewa karata 2 za siri, kisha karata 5 hulazwa wazi katikati, na watu huwekeana dau juu ya nani ana mkono bora. Wachezaji hawaonani, na mgawaji hana uso. Ni programu tu, iliyo katika kompyuta ambayo hakuna mmoja wao ajuaye iko nchi gani.

"Mashine ile imenidhulumu, Mjomba," akaendelea. "Karata zake si za haki. Nikishika ree mbili, mwenzangu anaibuka na tatu za namna moja. Nikingoja kopa, inakuja pau. Si mara moja, si mbili."

Nami, msomaji, nilimwamini papo hapo. Mimi ni mtu wa mkono na mkeka. Maneno yenyewe ya mchezo huu, karata, turufu, kopa, uru, pau na shupaza, tuliyapokea kutoka kwa Wareno waliofika Mombasa mwaka 1498, na tukayafanya yetu hata hatukumbuki kwamba yalikuja kwa jahazi. Nikamwambia, "Nyamaza mwanangu. Nitaliandika jambo hili gazetini. Mkono wa mtu una haya, mashine haina haya."

Kesho yake jioni akaja rafiki yake, mwenyeji wa kando ya ziwa, mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari. Tukakaa nje, tukanywa chai, tukacheza kadi raundi mbili. Nikaitoa hoja yangu kwa sauti kubwa, kama tufanyavyo sisi washairi tusipokuwa na ushahidi. Mwalimu alinisikiliza hata mwisho, kisha akazikusanya karata zote zilizotupwa na kunikabidhi. "Mzee wangu, hebu changa wewe, vile unavyochanga nyumbani."

Nikachanga, kwa namna ya barazani kwetu, kwa kuzimwaga vifungu vifungu kutoka mkono wa kulia kuingia wa kushoto. Nikafanya hivyo mara tatu, na mara tatu kwetu ni kuchanga kwa mtu mwenye dini yake. Mwalimu akazichukua, akazilaza mkekani moja moja, zikitazama juu. Kopa tano zikafuatana. Nyuma yake zikaja shupaza nne, karibu kwa mpango ule ule tuliozitupa dakika chache kabla. Yule kijana wa watu akacheka kwa adabu na kusema, "Mzee, hizi hukuzichanga. Umezihamisha vyumba tu."

Kisha akatufanyia hesabu. Jozi ya karata ina karata 52. Karata ya juu yaweza kuwa yo yote kati ya 52, ya pili yo yote kati ya 51 zilizobaki, ya tatu kati ya 50, na kadhalika. Ukizizidisha namba hizo zote unapata idadi ya mipango ambayo jozi moja yaweza kupangika, na idadi hiyo ni namba yenye tarakimu 68. Kuchanga kwa haki maana yake ni kwamba kila mpango mmoja katika hiyo ina nafasi sawa na mwingine. Je, mkono wa mtu waweza kufika huko?

Swali hili wamelishughulikia wataalamu. Yuko profesa wa Marekani, Persi Diaconis, ambaye ujanani alikuwa mfanya mazingaombwe kabla ya kuingia katika hesabu. Mwaka 1992 yeye na mwenzake Dave Bayer walichapisha uchunguzi wao juu ya kule kuchanga ambako jozi hugawanywa mafungu mawili, kisha kingo zake zikaachiwa kwa vidole gumba zipate kuingiliana kama meno ya vitana viwili. Walionyesha kwamba yahitajika mara 7 hivi ndipo karata zichanganyike vya kutosha. Ama kwa namna yetu ya kumwaga vifungu, saba hazitoshi wala sabini hazitoshi, kwani hesabu zataka maelfu. Nani amekaa barazani akachanga mara elfu? Chai ingepoa na alfajiri ingeadhiniwa.

Mashine, ikiandikwa vizuri, haina shida hiyo. Huchagua karata moja kwa nasibu kati ya zote 52 na kuiweka kando, kisha moja kati ya 51, kisha moja kati ya 50, hata zikaisha. Njia yenyewe ni ya zamani. Waingereza wawili, Ronald Fisher na Frank Yates, waliichapisha mwaka 1938 kwa ajili ya watu wa kalamu na karatasi, na kompyuta huimaliza kabla hujakonyeza jicho. Kwa hiyo, katika kazi ya kuchanga peke yake, mashine njema imetushinda sote. Nikauma ulimi wangu.

Lakini ndipo lilipokuja lililo zito zaidi. Mwalimu akamgeukia mpwa wangu. "Wewe ulikuwa ukichezaje?" Kijana akaeleza kwamba alikuwa akifuatilia. Kopa zikipita nyingi mfululizo, anajua zingine zi karibu, naye anaongeza dau. Ree ikikosekana kwa muda mrefu, anajua sasa inadaiwa, naye anaingoja. Mwalimu akamwuliza ni nani aliyemfunza hayo. Kijana akanyamaza, akanitazama.

Naam, ni mimi. Nilimfunza akiwa na miaka tisa, barazani kwa bibi yake, na nikajivuna alivyokuwa hodari. Nilimwambia: angalia zilivyotupwa, maana zitarudi pamoja. Na ilikuwa kweli! Karata za mkono zina kumbukumbu. Mchezo wa kufuata rangi huzipanga karata kwa rangi, na mchangaji mvivu huzirudisha zikiwa bado zimeshikana, basi mwenye macho hula. Karata za mashine hazina kumbukumbu. Kila mkono mpya ni dunia mpya, isiyoijua iliyopita wala haina deni nayo. Kijana aliuchukua ujanja wa mkekani akaingia nao mahali ambapo ujanja huo haununui hata kiberiti, na kila alipokosa aliona kadhulumiwa, akazidi kuweka ili apate haki yake.

Tena kuna haraka. Mezani, mgawaji wa mkono hutoa kama mikono 30 kwa saa. Kwenye simu hutoka maradufu au zaidi, na mtu aweza kukaa meza mbili tatu kwa mara moja. Msiba ambao barazani ungetupata mara moja kwa mwezi, simuni humpata mtu mara kadhaa kwa usiku mmoja, naye husema, "Hii haiwezi kuwa bahati tu." Yaweza, ila imekusanywa. Na katika kila mkono mwenye meza hukata sehemu yake ndogo ya dau, ashinde nani ashindwe nani. Hata karata zikichangwa kwa haki kabisa, wachezaji wote wakijumlishwa pamoja huondoka na kidogo kuliko walichokuja nacho. Haki ya kuchanga na faida ya kucheza ni mambo mawili mbalimbali, na wengi wetu tunayaita kwa jina moja.

Je, basi tuiamini mashine? Hasha. Mwaka 1999, kampuni iliyotengeneza programu ya poka iliyotumiwa na PlanetPoker, mmoja wa michezo ya kwanza ya fedha kwenye intaneti, iliitangaza hadharani njia yake ya kuchanga, ili watu waone ilivyo ya haki. Wataalamu wachache wa Marekani wakaisoma. Wakagundua kwamba mashine ilianza hesabu yake kwa kutazama saa: imepita sehemu ngapi za elfu za sekunde tangu usiku wa manane. Kutwa nzima ina sehemu hizo 86,400,000 tu. Ni nyingi kwa mtu, lakini mbele ya ile namba ya tarakimu 68 ni sawa na kikombe mbele ya Ziwa Viktoria. Na kwa kuilinganisha saa yao na ya mashine, wakapunguza uwezekano hadi kama 200,000. Walipozijua karata tano tu, mbili za mkononi na tatu za mezani, kompyuta yao ikazitaja karata za kila mchezaji, na zile zitakazofuata. Hawakuiba. Walitangaza kasoro ili irekebishwe.

Angalia, msomaji: kasoro ilionekana kwa sababu njia ilikuwa wazi. Miaka michache baadaye, 2007 na 2008, katika Absolute Poker na UltimateBet, iligunduliwa kwamba kulikuwa na watu wenye mlango wa ndani, waliokuwa wakiziona karata za siri za wenzao. Huko uchangaji haukuwa na lawama. Dhuluma ilipita dirishani wakati watu wanaulinda mlango. Na waliowafichua ni wachezaji wenyewe, walioketi wakazipekua kumbukumbu za mikono maelfu, wakaona mtu ashindaye kuliko bahati inavyoruhusu.

Wala asije mtu akadhani nimerudi kuutakasa mkono. Kila aliyepita stendi za magari, Kisumu hata Mombasa, ameuona mchezo wa pata potea. Karata tatu, mkono mwepesi, na kundi la wapita njia ambao kumbe wote ni watu wa mwenye mchezo. Mimi mwenyewe, ujanani, niliacha hapo nauli yangu nikarudi nyumbani kwa miguu. Hata kwenye meza za fahari ni hivyo hivyo. Mwaka 2012 mchezaji wa Marekani Phil Ivey alishinda takriban pauni milioni 7.7 katika kasino ya Crockfords, London, kwa kutambua tofauti ndogo zilizokuwa migongoni mwa karata, na kwa kumfanya mgawaji azigeuze pasipo kujua sababu. Kasino ikakataa kulipa, na mwaka 2017 Mahakama Kuu kabisa ya Uingereza ikaamua kwamba ule ulikuwa udanganyifu. Na yule Diaconis na wenzake waliichunguza mashine ya chuma iliyotengenezwa ili ichange karata za kweli katika kasino. Katika uchunguzi uliochapwa mwaka 2013 waliona kwamba mtu aijuaye tabia yake angeweza kubashiri kwa wastani karata 9 na nusu kati ya 52, ambapo zikichangwa barabara hapati zaidi ya 4 na nusu.

Basi kubishana kwamba mkono ni bora au mashine ni bora ni kubishana kwa bure. Mkono huchanga vibaya, lakini barazani yupo jirani akataye, na yapo macho manne yanayotazama. Mashine huchanga vizuri, lakini inachanga, inakata na inagawa peke yake, gizani. Katika dunia yo yote niijuayo, ya biashara, ya siasa au ya mirathi, mtu akizishika kazi zote tatu tumezoea kumwuliza maswali. Kwa nini simu isiulizwe?

Na wala isisemwe kwamba haiwezekani. Mwaka 1979 wataalamu watatu wa Massachusetts Institute of Technology, Adi Shamir, Ronald Rivest na Leonard Adleman, walionyesha namna watu wawili walio mbali wanavyoweza kucheza karata kwa simu pasipo kumwamini mgawaji ye yote. Kwa mfano wa mkekani ni hivi: mmoja huitia kila karata katika kisanduku chake, akakipiga kufuli, kisha akavichanganya visanduku vyote. Mwenziwe, asiyeweza kuvifungua, ndiye achaguaye kipi kiende kwa nani. Huko kuchagua ndiko kukata kwetu. Siku hizi iko michezo ya simu ambayo kabla ya kuanza hutoa namba yake ya siri ikiwa imetiwa muhuri, mchezaji akaongeza namba yake mwenyewe, na mchezo ukiisha muhuri hufunguliwa ili atakaye akague. Hata ule mchezo wa ndege, Aviator, unaopendwa mno na vijana wetu, hujinadi kwa njia ya namna hiyo. Lakini nimewauliza vijana kadhaa pale Milimani na mjini kama kuna aliyewahi kukagua. Hakuna. Wengine hawakujua kwamba inawezekana. Kukata ambako hakuna aliyefundishwa kukata si kukata.

Kenya ilitunga sheria ya kamari mwaka 1966, na tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 fedha zinatoka mfukoni bila hata mtu kuinuka kitini. Mwaka 2025 imetungwa sheria mpya badala ya ile ya zamani, pamoja na mamlaka mapya ya kuisimamia. Ombi langu kwa wakuu hao ni jepesi. Kila mwenye meza ya simu na aeleze, kwa Kiswahili cha kueleweka na mahali pa kuonekana, karata zake zinachangwaje, nani asiye mtu wake amezikagua na lini, mchezaji atazikataje, na meza inachukua kiasi gani katika kila mia. Asiyeweza kueleza hayo, asipewe leseni.

Mimi nilisoma chuoni, na mwalimu wangu wa chuo alikwisha nifundisha kwamba kamari ni haramu kabla sijajua kuhesabu karata. Msimamo huo sikuuacha. Lakini nimejua sasa kwamba haitoshi kumwambia kijana "ni haramu" huku umemfunza wewe mwenyewe mbinu za kuidhania bahati. Nilipaswa kumfunza na jambo la pili: kwamba bahati haikumbuki, na haina madeni.

Kabla sijaondoka Kisumu, kijana aliifuta ile programu mbele yangu. Nikampigia simu dada yangu nikamweleza yote, nikiyataja na yale yaliyo yangu. Sehemu ya mahari nitaitoa mimi, kwa kuwa deni si lake peke yake. Iliyobaki ataidunduiza kwa mshahara, na wazee wa msichana tutawaendea pamoja na kuwaambia kweli, wakubali au wakatae. Kwa vijana wengine ambao hawana mjomba wa kuwapandia basi, nawaachia ubeti huu:

Karata zinapochangwa, uliza nani akata,
Hila zisipate pangwa, jicho lako likapita,
Na mlango ukifungwa, usithubutu kuvuta,
Mwenye kuchanga huchungwa, mwenziwe ndiye hukata.